Mwuguzi Akiugua, Nani Atawalinda Wagonjwa?

Mkulima mwenye busara akisikia ng'ombe mmoja anakohoa zizini, humtenga na wenzake siku ile ile. Hangoji mpaka kundi zima liambukizwe, wala hamsifu ng'ombe yule kwa kuwa angali anatoa maziwa. Karani naye, akishikwa na homa na kuona tarakimu zikicheza machoni pake, hujua ya kuwa hesabu alizozijumlisha siku ile itampasa azirudie kesho. Lakini iko kazi moja ambayo ndani yake watu husifu jambo wanalolikataa zizini na afisini. Kazi hiyo ni uuguzi. Mwuguzi aingiaye wodini akitetemeka kwa homa, akajikaza na kuwahudumia wagonjwa mpaka zamu yake imalizike, huitwa shujaa. Jamaa za wagonjwa humshukuru, na wakubwa wake humhesabu miongoni mwa watumishi wasiokosa kazi.

Moyo wa mwuguzi huyo ni mwema, wala haifai kudharauliwa. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi, katika nchi mbalimbali, umedhihirisha kwamba moyo huo mwema waweza kumdhuru mgonjwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumwambukiza maradhi mapya juu ya yale yaliyomleta hospitali. Njia ya pili ni kumkosea katika matunzo, kama vile kumpa dawa isiyo yake au kipimo kisicho chake, kwa sababu akili ya mwuguzi imelemewa na ugonjwa. Mtu mwenye afya njema aweza kuyastahimili makosa mengi. Mtoto mchanga, mzee, mama aliyejifungua jana, au mtu aliyepasuliwa asubuhi hii, hawezi.

KOO LA MKUNGA

Jambo hili si geni. Katika Uingereza, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, wanawake wengi walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi siku chache baada ya kujifungua. Wakunga na madaktari walikwisha kujua kwamba mikono michafu huleta homa hiyo, nao walinawa kwa bidii. Lakini vifo havikukoma. Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Dora Colebrook, alitoa habari za uchunguzi wake juu ya asili ya vidudu vya homa hiyo. Alilinganisha vidudu vilivyopatikana kwa akina mama wagonjwa na vile vilivyokaa katika pua na makoo ya watu waliowahudumia na waliokaa nao. Mara nyingi vilikuwa vidudu vya namna moja. Adui hakuwa mikononi tu. Alikuwa pia kooni, akisafiri kwa kikohozi, kwa chafya, hata kwa mazungumzo karibu na kitanda cha mama.

Kuanzia hapo koo linalouma la mkunga halikuwa tena jambo dogo la kunywea maji ya moto na kusahau. Lilikuwa jambo la kumwondoa karibu na mzazi mpaka apone. Tena yafaa ikumbukwe kwamba nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuona upande wa pili wa shauri hilo. Wakunga wengi wa siku zile walilipwa kwa kila mama waliyemzalisha, na mkunga aliyesimamishwa kazi hakupata kitu. Kwa hiyo, hata kabla ya uchunguzi wa Daktari Colebrook, sheria ya Uingereza ilikuwa imekubali kwamba mkunga aliyesimamishwa ili kuzuia ugonjwa usienee, pasipo kosa lake mwenyewe, aweza kulipwa fidia. Waliotunga sheria walifahamu kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa, "Kaa nyumbani," kisha akaachwa hivyo.

HOMA ISIYOTAMBULIWA

Ugonjwa unaosumbua hospitali nyingi zaidi ni homa ya mafua. Ubaya wake ni kwamba mara nyingine mwenye kuibeba hajui kuwa anayo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1993 na 1994, wachunguzi katika mji wa Glasgow, Uskoti, walipima damu za watumishi 518 wa hospitali. Watumishi 120 kati yao, yaani karibu robo, walionekana kwa alama zilizokuwa katika damu kwamba walikuwa wamepata homa hiyo. Walipoulizwa, 71 kati ya hao 120 hawakukumbuka kuwa na homa ya mafua hata kidogo. Pengine waliona uchovu kidogo, au pua iliyowasha, wakaendelea na kazi. Wagonjwa waliokuwa mbele yao hawakuwa na njia ya kujua.

Mtu mzima aliyeshikwa na homa ya mafua aweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja kabla ya kujisikia vibaya, na kuendelea kwa siku tano hata saba baadaye. Kwa sababu hiyo hakuna awezaye kuzuia kila ajali. Lakini mwuguzi anayejijua kuwa ni mgonjwa, naye akaenda wodini, huyo ameongeza hatari iliyoweza kuepukwa.

Mfano wa kuhuzunisha ulionekana mwanzo wa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia katika nyumba moja ya kutunzia wazee karibu na mji wa Seattle, Marekani. Kufikia tarehe 18 Machi mwaka huo, watu 167 walikuwa wamepatikana na ugonjwa uliohusiana na nyumba hiyo: wakazi wake 101, watumishi 50 na wageni 16. Katika wakazi hao wagonjwa, mmoja katika kila watatu alifariki. Maafisa wa afya walipotafuta sababu za ugonjwa kuenea katika nyumba za namna hiyo, walitaja mambo kadhaa. Mojawapo lilikuwa kwamba baadhi ya watumishi waliendelea na kazi hali wana dalili za ugonjwa. Jingine lilikuwa kwamba wako waliofanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, wakauchukua ugonjwa kutoka kwa wazee wa hapa na kuupeleka kwa wazee wa pale.

MKONO NA AKILI

Yawezekana mtu kusema, "Mwuguzi huyu haumwi na ugonjwa wa kuambukiza. Mgongo tu unamsumbua, au kichwa." Hapo ndipo njia ya pili ya hatari inapopita.

Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, kulikuwa na mahali palipofunguliwa mwaka 1946 kwa ajili ya kuchunguza mafua. Watu walijitolea kukaa huko kwa siku chache, wakatiwa vidudu puani, kisha wakatazamwa. Katika miaka ya 1980 wachunguzi waliwapa watu hao kazi ndogo ndogo za kupima wepesi wa akili na mikono. Waliona kwamba wenye homa ya mafua walichelewa kutambua jambo lililotokea ghafula mahali wasipopatazamia, na kwamba wenye mafua ya kawaida walipungukiwa na ustadi wa mkono unaofuata jicho.

Basi na ifikiriwe kazi ya mwuguzi ni ya namna gani. Kutazama wagonjwa wengi kwa pamoja na kutambua upesi ni nani kati yao ambaye pumzi yake imebadilika, hiyo ndiyo kazi ya kutambua jambo la ghafula. Kuvuta dawa kwa sindano mpaka alama iliyo sawa na kuupata mshipa mwembamba wa mtoto, hiyo ndiyo kazi ya mkono unaofuata jicho. Ugonjwa umekigusa kile kile ambacho wagonjwa wanakitegemea. Karani aliyekosea nukta katika hesabu aweza kuifuta na kuandika upya. Nukta ikihamishwa nafasi moja katika kipimo cha dawa, mgonjwa hupata dawa mara kumi zaidi ya ile aliyoandikiwa, na dawa iliyokwisha kuingia mwilini haifutiki.

Mwaka 2012 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanywa katika jimbo la North Carolina, Marekani, ambamo wauguzi 1,171 walijibu maswali juu ya afya zao na kazi zao. Wauguzi 71 katika kila 100 walikuwa na maumivu ya misuli, mifupa au viungo, nao 18 katika kila 100 walikuwa na dalili za huzuni nzito ya moyo. Wale ambao maradhi yao yaliwazuia zaidi kufanya kazi vizuri, ingawa walikuwapo kazini, ndio hao waliotaja zaidi wagonjwa kuanguka na dawa kutolewa kwa makosa, tena waliyaona matunzo wanayoyatoa kuwa duni zaidi. Watu wengi hawamhesabu mwenye maumivu ya mgongo kuwa mgonjwa. Lakini mwuguzi asiyeweza kuinama hawezi kumdaka mzee anayeteleza kando ya kitanda.

WANAJUA, LAKINI HUENDA

Je, wauguzi na madaktari hawayajui mambo haya? Wanayajua sana. Katika hospitali moja kubwa ya watoto mjini Philadelphia, Marekani, waliulizwa watu 536: madaktari, wauguzi wa daraja la juu na wasaidizi wa madaktari. Majibu yao yalitangazwa mwaka 2015. Watu 95 katika kila 100 walisema kwamba kufanya kazi ukiwa mgonjwa ni kuwatia wagonjwa hatarini. Hata hivyo 83 katika kila 100 walikiri kwamba wao wenyewe walikuwa wamefanya hivyo angalau mara moja katika mwaka uliopita, na 9 katika kila 100 walifanya hivyo mara tano au zaidi.

Sababu walizozitoa zastahili kusomwa kwa makini, maana si sababu za watu wasiojali. Karibu wote walisema kwamba hawakutaka kuwatupia wenzao mzigo. Karibu wote pia walitaja upungufu wa watu wa kushika zamu. Wengi mno walisema kwamba hawakutaka kuwaacha wagonjwa wao. Tena 64 katika kila 100 waliogopa kutengwa au kudharauliwa na wenzao. Yaani, kinachomtoa mwuguzi mgonjwa kitandani na kumpeleka wodini ni huruma na haya zikichanganyika pamoja.

MASHAKA MAWILI

Hapa ndipo shauri hili linapokuwa gumu. Ni rahisi kutoa amri kwamba mwuguzi mgonjwa asije kazini. Lakini asipokuja, wagonjwa wake watakuwa mikononi mwa nani? Katika wodi nyingi, hasa usiku, mwuguzi mmoja hutunza wagonjwa wengi. Akiondoka yeye, mwenzake mmoja hubeba mizigo miwili, au wodi hukosa mtu kabisa.

Upungufu huo nao huua. Katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wachunguzi walilinganisha idadi ya wagonjwa waliokabidhiwa kila mwuguzi na vifo vya watu waliopasuliwa. Habari zao zilitangazwa mwaka 2002. Waliona kwamba kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa katika mzigo wa mwuguzi, hatari ya mgonjwa kufa katika siku 30 ilizidi kwa kadiri ya 7 katika 100.

Basi mwuguzi anayeamka alfajiri na homa yumo kati ya mashaka mawili. Akienda, huenda akawadhuru wagonjwa kwa maradhi yake au kwa makosa yake. Akikaa, huenda wakadhurika kwa kukosa mtu. Si haki kumtaka mtu mmoja mgonjwa, saa kumi na moja ya alfajiri, akate shauri ambalo wakubwa wa hospitali hawakulikata wakiwa na afya zao, mezani, mchana. Shauri hilo lapaswa kukatwa mapema, kabla hajaugua mtu.

SHERIA YASEMAJE

Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mtumishi aliyekwisha kufanya kazi kwa miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa. Likizo hiyo isipungue siku saba kwa mshahara kamili, kisha siku saba nyingine kwa nusu ya mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Mtumishi hutakiwa kuleta cheti cha daktari, au cha mtu anayemwakilisha daktari katika zahanati au kituo cha matibabu. Mwajiri aweza kutoa siku nyingi zaidi ya hizo, lakini asitoe chache.

Haki hiyo ni njema, tena si kila nchi tajiri inayo. Katika Marekani hakujawekwa sheria ya nchi nzima inayomlazimisha kila mwajiri kumlipa mtumishi aliye mgonjwa, ijapokuwa majimbo kadhaa yamejitungia sheria zao. Lakini msomaji na ajifanyie hesabu ndogo. Homa moja ya mafua yaweza kula siku tano hata saba. Mwuguzi aliyeajiriwa kwa kiasi hicho cha chini cha sheria, akiugua mara moja mwezi wa Mei, amekwisha kuzitumia karibu siku zake zote za mshahara kamili. Akiugua tena mwezi wa Agosti, ataanza kufikiri juu ya karo ya watoto kabla hajafikiri juu ya koo lake. Yule ambaye kazi yake ndiyo kukaa na wagonjwa hupatwa na maradhi upesi kuliko mtu wa afisini, na haitoshi kumpimia kwa kipimo kile kile.

YAFAAYO KUTENDWA

Wenye kusimamia hospitali na zahanati wanayo mambo ya kufanya yasiyohitaji maarifa mapya. La kwanza ni kuwa na wauguzi wa akiba, watu waliokwisha kujulikana na kuandikwa, wanaoweza kuitwa zamu inapopungua. La pili ni kanuni iliyo wazi juu ya dalili zinazomzuia mtu kuingia wodini, ili mwuguzi asilazimike kujitetea. Mfano mmoja umekwisha kukubaliwa mahali pengi: mtu aliyeshikwa na ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoenea kwa haraka asirudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. La tatu ni kumpa mwuguzi mwenye ugonjwa mdogo kazi iliyo mbali na vitanda, kama vile kupanga kumbukumbu au kuhesabu akiba ya dawa, iwapo hali yake yaruhusu na homa hana. La nne ni chanjo ya homa ya mafua kwa watumishi. La tano, lisilogharimu hata senti, ni kuacha kuwasifu mbele ya watu wale wasiokosa kazi hata siku moja, bila kuuliza walikuja katika hali gani.

Wauguzi nao wana wajibu wao. Mwenye kukohoa aseme mapema, wala asingoje mpaka mwenzake amekwisha kupanda basi kurudi nyumbani. Aliyelazimika kubaki kazini na afunike pua na kinywa, anawe mikono kabla na baada ya kila mgonjwa, na amwombe mwenzake akague pamoja naye kila kipimo cha dawa. Na aliye mzima asimnunie mwenzake aliyelala nyumbani, kwa kuwa zamu ya kuugua humfikia kila mtu.

Tena liko neno kwa watu wote wanaofika hospitali kama wageni. Mkulima anayetoka mbali kumtazama mama yake mgonjwa, huku yeye mwenyewe akipiga chafya, ni sawasawa na mwuguzi mwenye homa. Upendo wake ni wa kweli, lakini afadhali apeleke salamu kwa kinywa cha ndugu mzima, na aende mwenyewe atakapopona. Na jamaa wakikuta ya kwamba mwuguzi waliyemzoea hayupo leo kwa sababu anaumwa, wasimwite mvivu. Ikiwa kweli ni mgonjwa, kukaa kwake nyumbani ni sehemu ya matunzo ya mgonjwa wao.

Kila mwaka mkulima huweka gunia la mahindi ghalani kabla hajajua kama mvua zitapungua. Hakuna amwitaye mjinga gunia likibaki mpaka mavuno mengine, maana wahenga walisema akiba haiozi. Hospitali yenye wauguzi wa akiba imejiwekea ghala kama hilo. Asubuhi ambapo mwuguzi mmoja ataamka na homa, ataweza kutuma habari, akajifunika blanketi na kulala, akijua ya kuwa vitandani kule wodini yuko mtu mwenye mikono iliyotulia na macho yasiyo na homa, na wagonjwa wake wamo salama.